Viberiti vya Wazee wa Mpemba

Siku mliponiaga kazini nilipostaafu mlinipa doti mbili za kanga, sufuria kubwa na ombi. Mlitaka niandike niliyoyaona maabara, yasije yakaondoka na mimi. Kanga nimezivaa, sufuria imeshapika pilau mara mbili, ombi ndilo limebaki. Vyeo sitaviandika kwa kuwa nilivipata vichache, na mshahara sitauandika kwa sababu hiyo hiyo. Nitaandika habari za choo. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana tutakuwa nacho hadi mwisho.

Mimi ni wa Iyula, mtoto wa wakulima wa kahawa. Nilifika kwenye kituo chetu cha afya, kile cha kando ya barabara kuu upande wa Mpemba, karibu na Tunduma mpakani na Zambia, katikati ya miaka ya themanini, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kuazima. Aliyenipokea alikuwa Mzee Simbeye, Mnamwanga mrefu na mkimya. Alikuwa amechungulia hadubini ile ile kwa miaka mingi hata akawa anafumba jicho moja akizungumza na watu. Wageni walidhani anawakonyeza.

Hadubini yenyewe haikujua umeme. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha mviringo, unakigeuza taratibu kulifuata jua la dirishani mpaka mwanga upande machoni. Wingu likipita, kazi inasimama. Siku za masika tulipima pale jua lilipotaka, na wagonjwa walijifunza kuuliza hali ya hewa kabla ya kuuliza majibu. Bado naweza kuliweka jua kwenye kioo kile nikiwa nimefumba macho, ujuzi ambao sasa hauna mnunuzi.

Asubuhi ya kwanza Mzee Simbeye alinipa jani la mgomba lililofungwa kwa kamba, akaniambia nifungue. Nikafungua, nikarudi nyuma. Akaniacha nimalize kukunja uso, ndipo akasema maneno ambayo nimewasomesha ninyi nyote mpaka mkachoka. "Choo hakidanganyi, binti. Anayedanganya ni mwenyewe. Kwanza mwangalie mtu, kisha kiangalie choo, halafu ujiulize kama hawa wawili wanafahamiana." Alikuwa ameshapelekewa cha mtoto, cha jirani, hata cha mbwa, na watu wazima wanaoheshimika waliokuja kanisani na tai. Si kwamba walikuwa waongo. Waliona aibu tu kukabidhi kitu kama kile kwa mtu wanayemsalimia njiani.

Majani ya mgomba hayakudumu. Biashara ilipofunguliwa, Tunduma ikajaa vitu, sabuni zikarudi madukani, mitumba ikapangwa barabarani, na kiberiti, ambacho watu walikuwa wamekihemea kama sukari, kikawa kitu cha kutupa. Maboksi matupu yakawa vikopo vyetu. Wagonjwa walikuja na kiberiti mfukoni, wanakisukuma kwenye dirisha bila neno. Kijana mmoja alisahau kutoa njiti. Wengine walileta kilichojaa pomoni, wakidhani ukileta kingi unapimwa zaidi.

Biashara hiyo hiyo ilileta pia dawa za kila namna. Pale mpakani ulipata vidonge vya minyoo, vya malaria na vya nguvu za kiume kwenye sinia moja, kando ya betri za tochi. Watu wakaacha kuja kwetu mapema. Aliyeona damu chooni alijiambia ni bawasiri, akanunua kitu cha kupaka, akaendelea na safari zake. Mara nyingi ilikuwa bawasiri kweli. Lakini mara nyingine haikuwa, na hao tuliwapokea wakiwa wamebebwa.

Kwa ajili hiyo Mzee Simbeye alinifundisha kupima damu iliyojificha, ile isiyoonekana kwa macho. Unapaka choo kidogo kwenye karatasi, unadondosha tone la dawa ya kahawia, halafu tone la ile dawa inayotoa povu ukisafishia kidonda. Karatasi ikigeuka bluu, kuna damu. Kipimo kile kilikuwa na tabia ya mbwa wa mlango, kinabwekea kila damu hata ya ng'ombe. Ndiyo maana tulimwambia mtu asile nyama nyekundu wala maini siku tatu kabla, na alete mara tatu, siku tofauti, maana kivimbe cha tumboni hakitoi damu kila siku.

Sasa nimfikie Mama Lugano. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Alikuwa Mndali wa Ileje, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mabega ya kubeba gunia, anayeuza maharage sokoni Tunduma. Mumewe, Asajile, alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, leo Nakonde, kesho Lusaka, nyumbani anaonekana kwa msimu. Mama Lugano alileta kiberiti akasema anaharisha damu. Nilitafuta minyoo na amiba, sikuona kitu, ila damu ilikuwepo. Tabibu wetu, mtu mwema aliyekuwa na foleni ndefu, alimpa dawa ya amiba. Baada ya mwezi akarudi na kiberiti kingine, damu ile ile, akapewa dawa tena. Tabibu alipotaka kumpima njia ya haja kubwa kwa kidole alikataa kabisa, akasema atakuja siku nyingine.

Aliporudi mara ya tatu nilimweleza habari ya kutokula nyama ili nipime vizuri. Akanijibu, "Nyama si tatizo, dada. Meno yenyewe ya kutafunia hayapo." Alisema hivyo akiwa na meno yote kinywani, meupe, mazuri kuliko yangu. Nikakumbuka maneno ya Mzee Simbeye. Nikamtoboa kidole nipime wingi wa damu. Mtu anayepoteza damu miezi mingi hupauka hata viganja, lakini ya Mama Lugano ilikuwa nyekundu, nzito, ya kumkopesha mtu. Yeye na kile kiberiti hawakufahamiana.

Nilifunga mlango nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikamuuliza kama ni chake, akasema ni chake. Nikamuuliza habari za meno, akaangalia sakafu. Mimi ni Mnyiha, nimekulia jirani na mila hizi, na ghafla nikaona njia ya kuuliza bila kumvunjia heshima.

"Mwenye hiki," nikasema, "jina lake unaweza kulitamka?"

Alivuta kanga akaziba mdomo, akatikisa kichwa.

"Basi nimemjua. Huna haja ya kusema zaidi."

Kwa vijana mliokulia mjini, nieleze. Kwao Mama Lugano mwanamke na baba mkwe wake walikuwa na mwiko mkali. Hamtazami usoni, hapishani naye njiani, chakula chake hupelekwa na wengine, na jina lake halitamki mpaka kufa. Choo hawachangii kamwe. Wachungaji walikuwa wamehubiri sana juu ya jambo hilo na nyumba nyingi ziliacha, lakini ukoo ule walimwamini Mungu na mwiko waliubakiza. Mzee Kibona, baba yake Asajile, alikuwa ameteremka kutoka milima ya Ileje alipofiwa na mkewe. Kijijini angekuwa na choo chake. Kiwanja cha Mpemba kilikuwa kidogo, choo kimoja, na hicho kilikuwa cha mama wa nyumba. Asajile akampa baba yake chumba cha upande wa barabara na kopo kubwa lenye kifuniko. Kila alfajiri mzee aliliweka kopo nje ya mlango wake, na Asajile alilimwaga.

Asajile akiwa Lusaka, alilimwaga nani? Hakuna aliyeuliza. Kopo lilirudi safi, ikatosha. Alikuwa ni Mama Lugano, kabla watu hawajaamka, akiwa amegeuza uso pembeni. Lakini mtu hawezi kumwaga kitu bila kukiona. Aliona damu mara moja, akasema labda ni chakula. Akaiona wiki baada ya wiki. Kumwambia mumewe ni kukiri kwamba anachungulia uchi wa baba yake, kwa maana kwao ilikuwa ni hivyo hivyo. Kumwambia mzee ndiyo haiwezekani hata kidogo. Basi akachukua ugonjwa akauvaa yeye. Hata vidonge vya amiba, vichungu vile, alivimeza vyote mwenyewe, kwa kuwa hakujua pa kuvipeleka.

"Atakufa, dada," aliniambia, na sasa alikuwa analia. "Atakufa na mimi nitakuwa nimeona."

Nilimpenda siku ile. Nimekutana na wasomi wengi wa afya, na wachache wao wangemeza vidonge vya mtu mwingine.

Lakini tufanyeje? Nikienda kwa mzee na kumwambia ana damu chooni, swali lake la kwanza lingekuwa nani aliyeona, na nyumba ile ilikuwa na jibu moja. Ukoo ungekaa kikao. Mama Lugano alimjua mwanamke aliyerudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikamweleza Mzee Simbeye, ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alisikiliza akiwa amefumba jicho lake. Kisha akasema, "Wapime wazee wote." Akarudi kwenye hadubini, jua lilikuwa zuri.

Hivyo ndivyo ulivyoanza upimaji wa wazee wa Mpemba, ambao wageni waliokuja na magari walikuwa wakiusifu na kuuliza ni mtaalamu gani aliyeubuni. Ulibuniwa ili kumficha mwanamke mmoja.

Jumapili nilisimama uwanjani baada ya ibada, na Ijumaa iliyofuata imamu akaniruhusu kusema na wazee nje ya msikiti. Niliwaambia kila aliyevuka miaka hamsini alete kiberiti, mara tatu. Niliwaeleza kwamba ndani ya utumbo mpana huweza kuota kijinyama kidogo kama punje ya harage, hakiumi, kinakaa miaka kinakua polepole, kinadondosha damu isiyoonekana, na mwisho kinageuka saratani. Kikikutwa mapema kinatolewa. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akauliza kwa nini apimwe ilhali haumwi. Lilikuwa swali la haki. Nikamuuliza breki zake alikuwa anazikagua wapi, kabla ya mteremko au katikati ya mteremko. Akacheka, akawa wa kwanza kuleta.

Sikupata usingizi mzuri wiki ile kwa wasiwasi kwamba Mzee Kibona hatakuja. Wengine walikuja kwa wingi, wakinung'unika kwa sababu kulikuwa na harusi ya ng'ombe wawili pale pale Mpemba na mimi nimewakataza nyama. Mzee mmoja aliapa hakugusa kitu, karatasi ikawa bluu, nikamwangalia sana, akakiri kuwa alionja maini "ya adabu tu". Mwingine alileta kiberiti kisafi mno, cha mtoto anayenyonya, kwa kuwa hakutaka nimfikirie vibaya. Yule dereva tulimkuta na minyoo ya safura, na damu yake ilikuwa imeshuka bila yeye kujua. Tukamtibu, akanona.

Mzee Kibona alikuja siku ya mwisho kabisa, amevaa koti na kofia, kiberiti kimefungwa kwa gazeti kama zawadi. Nilidondosha matone nikiwa nimeshajua. Karatasi ilikuwa bluu kabla sijarudisha chupa mezani. Cha pili na cha tatu, alivyoleta siku zilizofuata, hivyo hivyo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa sembe.

Hakushtuka. Alisema hiyo ni bawasiri, anaijua, na anayo dawa yake. Akatoa kwenye koti kikopo cha mafuta alichouziwa na Mzambia pale mpakani, aliyemwambia, "Bwino bwino, tata," yaani vizuri kabisa, baba, "inaponya yote." Nikasoma maandishi ya pembeni. Ilikuwa ya kuchua magoti. Nikamuuliza kama haikuwasha. Akasema iliwasha sana, ndiyo maana aliiamini.

Tabibu alimpima kwa kidole, akagusa kivimbe. Nawaombeni hapa, hasa ninyi mliosoma vizuri: kidole ni bure, na hakuna damu inayostahili kuitwa bawasiri kabla hakijafanya kazi yake. Tukamwandikia rufaa, Asajile akarudi upesi akampeleka hospitali kubwa Mbeya. Kule walitazama kwa bomba lao, wakakata kipande, wakakuta ni saratani. Daktari wa upasuaji alisema ilikuwa bado haijatoboa ukuta wa utumbo. Angechelewa msimu mmoja wa mahindi, alisema, angemwambia mengine. Walitoa sehemu ile wakaunga. Mzee akarudi Mpemba amekonda, mkali, anadai uji.

Alipopata nguvu alikuja maabara kwa miguu. Akaketi, akaweka kofia gotini. Kisha akaniuliza kama viberiti vile vya wazee wote vilikuwa kwa ajili yake peke yake. Nikasema vilikuwa kwa ajili ya wote, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa limeshakuwa kweli.

"Kopo lilikuwa linarudi limesuuzwa kwa majivu na maji ya moto," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa Asajile. Hajawahi kusuuza kitu."

Akavaa kofia yake akaondoka. Wiki chache baadaye aliagiza mtamba kutoka Ileje. Kwao mwiko ule huweza kufunguliwa na mkwe mwenyewe kwa zawadi, mbele ya ndugu. Nilialikwa, na mchungaji alialikwa, akafurahi kana kwamba ni mahubiri yake yaliyozaa. Mzee alimkabidhi Mama Lugano kamba ya mtamba, akamwambia kuanzia leo amsalimie, amwandalie chakula, amtazame. Akamwomba pia amtaje jina. Mama Lugano alipiga magoti, akainua uso, akasema shikamoo. Jina halikutoka. Tulingoja, halikutoka, mzee akacheka akasema litakuja.

Halikuja. Kila mwaka tangu hapo alileta viberiti vya mzee dirishani kwangu, nami nikiuliza kwa kumchokoza ni cha nani, anasema, "Cha yule wa nyumbani." Ulimi umezoea, aliniambia. Nikaandika jina mwenyewe. Mzee Simbeye alistaafu akarudi kwao Msangano kulima mpunga. Umeme ulikuja, hadubini mpya ikaja, vikopo vya plastiki vikaja, na wazee wakaendelea na viberiti miaka mingine kadhaa kwa kusema vile vya plastiki vinaonyesha.

Kazi niliyobaki nayo ilikuwa Asajile. Mtoto wa mtu aliyeugua saratani hii hangoji hamsini, na kwake kiberiti hakitoshi, anatakiwa kutazamwa kwa kamera. Nilimwambia akiwa na nywele nyeusi, nikamwambia zikiwa na mvi. Kila mara alisema atakuja akirudi kutoka Lusaka. Alirudi kutoka Lusaka mara nyingi kuliko basi. Mwishowe, mwaka wangu wa mwisho kazini, Mama Lugano aliuza maharage yaliyokuwa ghalani, akakata tiketi mbili za Dar es Salaam, akamwonyesha mumewe moja. Huyu hakuwa tena yule wa kuziba mdomo kwa kanga. Kule walimwingiza kamera wakakuta kijinyama, bado hakijageuka, wakakitoa hapo hapo bila kisu. Daktari alisema kingeachwa, kingekuwa kile cha baba yake.

Wakarudi. Siku ya pili yake Mama Lugano alikuja kituoni na majibu ya mumewe kwenye bahasha, na kikopo cha Mzee Kibona mkononi. Mzee alikuwa ameshapita umri ambao vitabu vinataka apimwe, lakini aliona ni haki yake na nani angembishia. Dirishani hakunikuta mimi. Alimkuta Neema, aliyekuwa ametoka chuoni mwezi ule, na foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mti wa mparachichi. Mimi nilikuwa nyuma, nafundisha mikono yangu kukaa bila kazi.

Neema akauliza anavyopaswa kuuliza. "Hiki cha nani, mama?"

Niliinuka nikamsaidie.

"Cha Ambakisye Kibona," alisema Mama Lugano, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Baba mkwe wangu."

Neema aliandika jina, akaita anayefuata. Nami nikageukia hadubini, nikainama kurekebisha kioo, kile kioo ambacho hadubini haikuwa nacho tena kwa miaka mingi.